Nusu Ukurasa Niliouruka

Mwalimu wangu, Bi Zuwena,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo, kisha nikatulia kidogo nikisubiri marahaba yako, kwa mazoea tu. Marahaba yako ilikuwa ya haraka, kama mtu anayefukuza inzi, na nyuma yake lilikuja neno moja: "Soma."

Nina mengi ya kukuarifu, na moja ni la kuungama. Nitaanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azunguke. Jumatano ile tulipofika kwenye swali la vitu viwili vinavyofanana kwa kila hali, niliruka nusu ukurasa wa kitabu nilichokuwa nikikusomea. Sikuteleza. Niliruka kusudi, na uliponiambia nirudie, nikaruka tena. Umeondoka duniani hujui. Na yale maelezo yako mazuri kuliko yote, yale uliyotaka niyaandike neno kwa neno, uliyajenga juu ya nusu ukurasa ambao hukusomewa.

Basi. Nimeshalisema. Sasa nitaweza kuendelea.

Chumba chako cha ghorofani pale Kiponda kimepakwa chokaa. Mwanao Salma ameliondoa lile pazia zito, na sasa jua la asubuhi linafika mpaka kwenye kiti chako. Hakuna aliyekikalia bado. Si kwamba tumekatazana. Kila mtu anaingia, anakiona, anakaa mkekani. Jirani wa chini bado anatwanga kahawa mchana, na mbao za sakafu bado zinatetemeka. Tulipokuwa tunapanga vitu vyako tulikuta kashata tatu za nazi ndani ya kopo la vifungo. Wewe na sukari yako! Salma alilia, kisha akacheka, kisha akala moja. Zilikuwa ngumu kama mawe.

Kitabu ninacho mimi. Salma alinipa mwenyewe, akasema, "Dada Hawa, chukua. Humu ndani hakuna mwingine wa kukifungua."

Nakumbuka siku kilipofika. Alikutumia Rukia, yule tuliyekuwa naye darasa moja, ambaye yeye alifaulu akaenda kusoma nchi za watu, na ndani yake alitia kikaratasi: "Mwalimu, hiki kimenishinda. Labda wewe." Ulifurahi kama mtu aliyeletewa kesi. Lakini sukari ilikuwa imeshakuchukua macho, ukawa unakipapasa tu na kukinusa. Mimi nilikuwa nimekuja kukuletea ndizi za kwetu Makunduchi, sijui hili wala lile.

"Hawa," ukaniita.

"Abee."

"Soma."

Nikakwambia, Mwalimu, mie nilifeli nikaishia kidato cha pili, na wewe unajua kuliko mtu mwingine. Ukasema, "Nnajua. Kiingereza chako kibovu. Lakini una sauti, na huna pupa. Kitabu hiki kinataka mtu asiye na pupa."

Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Tulisoma kama masheikh wanavyosomesha vitabu vyao, mstari kwa mstari, na asiyeelewa hapiti. Wewe uliongeza sheria yako: kila kifungu mara tatu. Mara ya kwanza ni ya sikio, ulisema, ya pili ni ya maana, ya tatu ni ya ugomvi. Mara ya kwanza nilikuwa nasoma kama kasuku, nayatamka maneno marefu kama mtu anayepita juu ya mawe. Mara ya pili ulinivunjia vipande, kisha ukaniambia, "Sasa nambie kwa Kiswahili cha sokoni." Mara ya tatu ulimgombeza mwandishi kama vile yuko chumbani na amekataa kuvua viatu. Miaka miwili, kurasa arubaini na moja. Salma alikuwa akipita na nguo za kufua, anasema, "Mama, kwa mwendo huu mtamalizia Kiama." Na wewe ukamjibu, "Vizuri. Huko nako kuna tofauti, watu wa kulia na watu wa kushoto. Tutakuwa na la kusema."

Mwanzoni sikuona kwa nini mtu aandike kitabu kizima juu ya tofauti. Tofauti si ni tofauti tu? Hiki si kile. Uliniuliza nikupe mfano, nikasema samaki, changu na kolekole. Ukaniambia, "Kwa nini hukusema changu na kabati?" Nikacheka. Nani anauliza tofauti ya samaki na kabati? Ukagonga mkono wa kiti. "Umeona? Kabla hujazitofautisha samaki zako ulishazitia kapu moja. Kapu ndilo lililotangulia. Na huyu bwana analalamika hapo hapo: anasema kila siku tofauti inakuja nyuma ya kapu, kama mtumishi. Anataka kujua kama ipo tofauti isiyomtumikia mtu."

Nilirudi nyumbani siku ile kwa kupitia Darajani, na sikununua kitu. Nilisimama tu natazama. Nyanya za huyu na nyanya za yule. Khanga na vitenge. Mtu mrefu na mtu mfupi. Kila nilichokiita tofauti kilikuwa ndani ya kapu. Muuza mchicha aliniuliza, "Shoga, umepoteza nini?" Nilikuwa na miaka arubaini na minne, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kutembea sokoni kwa ajili ya fikra.

Sasa Jumatano ile. Nilikuwa nashona kofia mbili za mkono za harusi ya Matemwe, ndugu wawili wanaoa siku moja, na mama yao ametaka kofia zisiachane hata kitobo kimoja cha nakshi. Nakshi moja, karatasi moja ya kutobolea, uzi wa bunda moja. Gari la kuzipeleka linaondoka Alhamisi asubuhi. Ya kwanza nilikuwa nimeimaliza, ya pili imebaki ukingo. Nilikuja kwako na mfuko wa kazi, nikidhani tutasoma kifungu kimoja chepesi nikae kando nimalize.

Kifungu hakikuwa chepesi. Mwandishi aliuliza: kama vitu viwili vinalingana katika kila kinachoweza kusemwa juu yao, kwa nini ni viwili wala si kimoja? Nililisoma swali hilo, nikauona upande wa chini wa ukurasa umejaa maneno madogo meusi kama sisimizi, nikawafikiria watu wa Matemwe. Jicho langu likaruka mpaka juu ya ukurasa wa pili, penye sentensi inayosema: kwa hiyo tofauti haikai baina ya vitu viwili, inatangulia, na vitu ndivyo vinavyoifuata.

Ukainua kichwa. "Umeishia wapi? Hebu rudia."

Nikarudia vile vile. Hapo ndipo kosa lilipokuwa uongo. Mara ya tatu ulisema, "Hapa pana shimo. Katoka kwenye swali kaingia kwenye jibu bila daraja." Nami nikasema, "Labda ndivyo alivyo, Mwalimu." Labda ndivyo alivyo! Nikatoa sindano.

Ulikaa na shimo lile siku nne. Salma aliniambia ulikuwa hutaki hata redio. Jumapili ukaniita kwa simu: "Njoo, na zile kofia kama hazijaondoka." Moja tu ndiyo iliyoondoka na gari, ya pili ilichelewa, pupa yote ile na bado ilichelewa, na mama wa maharusi akaniletea ile ya kwanza kutoka Matemwe ili nizilinganishe kabla ya harusi. Kwa hiyo nilikuja nazo zote mbili. Ukazipakata. Ukazipitishia vidole kwa muda mrefu, kitobo kwa kitobo, kama unavyochambua mchele.

"Hii ndiyo ya kwanza," ukasema.

Sikuwa nimekwambia. Nikauliza umejuaje.

"Hapa mkono ulikuwa unatafuta njia. Hapa mkono unaijua njia. Haya, chukua kalamu."

Ukaniandikisha. Kurasa nne za daftari, bila kufuta. Ulisema kofia hizi ni mbili si kwa sababu moja ina kitu ambacho nyingine haina, bali kwa sababu ya pili imeshonwa na mkono ulioshona ya kwanza. Ya kwanza imo ndani ya ya pili. Kurudia, ulisema, si kuleta kile kile. Mtu hawezi kurudia bila ya kubadilika kwanza, na ndiyo maana tofauti inatangulia. "Hilo ndilo daraja lake," ukasema. "Kalificha, mwerevu yule. Kataka tulijenge wenyewe." Ulikuwa unang'aa uso. Uliomba chai, ukataka na sukari, nikakutilia kijiko kimoja. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Lakini ulikuwa umefurahi sana, na mimi, Mwalimu, nilikuwa nimefurahi kwamba kofia zangu zimo ndani ya falsafa.

Wiki tatu baadaye ukalazwa.

Nilikuja kukutazama Ijumaa. Watu wakija kwa mgonjwa husema lile neno tunalolisema wote, tusameheane, na mgonjwa husema nimesamehe, la kujua na la kutokujua, na mambo yakaisha. Nami nikalisema. Wewe ukageuza uso kwenye sauti yangu. "Mie sisamehe kwa jumla, Hawa. Taja."

Nikasema, "Basi tu, Mwalimu. Ya kibinadamu."

"Ya kibinadamu yana majina."

Nikakushika mkono, nikaangalia chupa ya maji. Nesi akaja. Jumapili ukaondoka.

Nilidhani nitakaa nalo kimya mpaka na mimi niende. Lakini Salma alitutumia ujumbe kwenye kundi la simu la wanafunzi wako wa zamani, kwamba baada ya hitma ya arubaini yako tutakaa ukumbini, na Dada Hawa atatusomea kurasa nne za kofia, za mwisho alizoandikisha Mwalimu. Rukia akajibu kutoka huko aliko: anakuja, ameshakata tiketi, na anakuja na nakala yake nyingine ya kitabu, maana ananuia kufuatisha. Niliuona ujumbe ule, nikajua nusu ukurasa ule atauona.

Ili kunakili kwa usafi kile kifungu ulichokieleza, ilinibidi nikifungue kitabu mahali pale. Nilisubiri mpaka baada ya adhuhuri, watoto wangu wapo skuli. Nikaweka kamusi kulia na chai kushoto. Kisha nikausoma nusu ukurasa ule, mara tatu, kwa sheria yako.

Mara ya sikio haikuniambia kitu. Mara ya maana nilitoka jasho. Mwandishi anasema hivi, kwa Kiswahili changu cha sokoni: wapo watakaosema kwamba vitu viwili vinavyolingana ni viwili kwa sababu mkono uliovifanya ulivifanya mara mbili, na mara ya pili haikuwa kama ya kwanza. Ni jibu zuri, anasema, lakini limelihamisha swali tu. Limelitoa kwenye kitu likalipeleka kwenye mkono. Na mkono nao, ule wa mwanzo na ule wa baadaye, nini kimeufanya usibaki mmoja?

Mwalimu, lilikuwa jibu lako. Alilijua. Alilieleza kwa mistari mitatu, akaliweka kando, na mimi ndiye niliyekuziba masikio usimsikie.

Kisha analeta mfano wa chuma kilichotiwa ncha moja motoni. Joto linatembea ndani ya chuma kwa sababu huku kuna moto kuliko kule. Siku joto likiwa sawa kila mahali, hakuna kinachotembea. Kule kutolingana, anasema, hakukuletwa na mkono wa mtu, wala hakukai baina ya vyuma viwili. Kumo ndani ya chuma kimoja, na ndiko kunakofanya jambo litokee. Hilo ndilo daraja. Shimo halikuwepo.

Nilikaa mpaka chai ikapoa. Aibu nilikuwa nayo, sikufichi. Lakini baada ya aibu ilikuja hamu, na ilinishangaza. Nilitaka kujua nani mwenye haki. Nilikuwa nimebakisha mara ya tatu, ya ugomvi, na wa kugombana hayupo.

Nikachukua kipande cha kitambaa, nikatoboa vitobo viwili, nikavishona taratibu kuliko nilivyowahi kushona maishani. Nilitaka kuukamata mkono wangu pale unapobadilika. Sikuukamata. Nilichokiona ni uzi. Ukikaza upande huu, upande ule unalegea, na sindano inakwenda kule kulikolegea. Hata kitobo kimoja, peke yake, hakishoneki ila kwa sababu huku kumekaza na kule hakujakaza. Nikasema, haya, bwana wa chuma, una haki. Nikashona cha pili. Nikasema, lakini chuma chako kikishapoa kimepoa, hakikumbuki kwamba kilikuwa motoni. Mkono wangu unakumbuka. Hilo Mwalimu kalisema na wewe hujaligusa. Nilisema kwa sauti, jikoni peke yangu. Paka akatoka.

Sijui kama nimeelewa. Nakueleza tu nilichokiona.

Nilimwambia Salma kwanza, siku mbili kabla ya arubaini. Alikuwa anachagua mchele wa pilau. Aliacha.

"Sasa utawaambia? Wote wale?"

"Rukia ana kitabu."

"Basi tusisome hizo nne. Soma nyingine. Zile za samaki na kabati, watu watacheka." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama hakupenda kuonekana kakosea, Dada Hawa."

Nikamwambia hakukosea, niliyekosea ni mimi. Akasema, "Watu hawatalitofautisha hilo."

Nilikwenda nalo nyumbani neno hilo, na nilikaribia kumkubalia. Nilikuwa hata nimechagua ukurasa wa kusoma badala yake. Kisha nikajiona nageuza kurasa kwa kidole gumba, navuka zile nne, na nikaona nafanya nini. Ningekuwa nakuruka mara ya nne, na safari hii wewe mwenyewe.

Siku ya arubaini watu walijaa. Yasini ilisomwa vizuri, pilau ilikuwa na bizari kidogo mno ungesema, na sahani zilipoondolewa tulibaki wanawake kumi na watatu ukumbini. Mwanajuma alikuwepo, yule wa dawati la nyuma. Rukia alikuwepo, miwani imemshuka puani, kitabu mapajani. Na ndugu yako Bi Maryam alikaa mlangoni na tasbihi yake.

Sikuanza na wewe. Nilianza na kitabu: swali, kisha nusu ukurasa wote, kisha jibu. Kisha nikawasomea kurasa zako nne. Kisha nikasema kwa nini hazikutani.

Papo hapo Mwanajuma akapasuka: "Hawa! Weye hata imla ulikuwa unaruka, ukiulizwa unasema ubao umefutika!" Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka, nikadhani nimepona.

Bi Maryam hakucheka. "Kipofu anakutegemea umsomee," akasema, "unamruka? Hilo mnalichekea nini?"

Kicheko kikakatika. Wote wakaniangalia. Nilikuwa na maneno, ya harusi, ya gari, ya Matemwe. Niliyaona yote yamejipanga. Nikasema tu, "Ndiyo, Bi Maryam. Nilimruka." Akanitazama mpaka nikatazama chini.

Rukia ndiye aliyetutoa pale. Aliomba nimrudishie nusu ukurasa ule kwa Kiswahili, taratibu. Nikamrudishia. Akavua miwani. "Mie nimekisoma kitabu hiki mara mbili," akasema, "na mistari hii mitatu ya mkono nilipita juu yake kama mtu anayepita juu ya mkeka. Sikuona kama pana kitu. Mwalimu kajenga humo nyumba nzima, na wala hakusomewa."

"Nyumba mbovu basi," akasema Mwanajuma. "Si kavunjiwa hapo hapo?"

"Kavunjiwa na nani? Na chuma?"

Na hapo, Mwalimu, ugomvi ukaanza. Salma akasema chuma nacho kimefuliwa na mtu. Rukia akasema hilo silo alilokusudia mwandishi. Mwanajuma akasema kama hakulikusudia asingelileta chuma, angelileta jiwe. Nikaeleza uzi wangu unaokaza na kulegea, na mara hii watu walinisikiliza. Halafu sauti ikatoka mlangoni:

"Huyo wa chuma kashawahi kuzaa?"

Bi Maryam ameweka tasbihi chini. "Mie nimezaa pacha. Sikutia chuma motoni, wala sikushona mmoja nikajifunzia kwa mwenzake. Wametoka wawili, uso mmoja, mpaka baba yao anawachanganya. Na toka titi la kwanza mmoja ananyonya kwa pupa, mwingine anadengua. Nambieni hiyo katika vitabu vyenu iko ukurasa wa ngapi."

Tuligombana mpaka adhana ya alasiri, na wengine walikuwa wamesimama na mikoba mikononi bado wanasema. Katika miaka miwili sikuwahi kuona mara ya tatu kama ile.

Bi Maryam alinipita ngazini. Sitasema amenisamehe. Alisema, "Jumatano mnasoma?" Nikasema inshaallah. "Nitakuja. Macho yangu mie ni mazima. Na kidole changu kitakuwa juu ya karatasi." Kisha akashuka, ngazi moja moja, hataki kushikwa.

Sasa jambo la mwisho. Lile daftari nimekuwa nikiliandika hivi: upande wa kushoto maneno ya kitabu, upande wa kulia maneno yako. Nusu ukurasa nimeshauandika kushoto, wote, na nukta zake. Kulia pako patupu. Siku ile kila mtu alikuwa na la kutia pale. Rukia anasema ungelicheka ukakubali umeshindwa. Mwanajuma anasema ungelimtukana mwandishi kwa Kiarabu. Salma anasema ungelikasirika siku mbili, kisha ungesema ni mtu wa kukaribishwa chai. Waliniambia niandike mojawapo, ili daftari likamilike. Nimekataa. Nilikuwa nikidhani nimekuharibia jina lako, na hilo halikuharibika. Ulivyosifiwa siku ile ungeona haya. Nilichokuharibia ni jibu. Ungelikuwa na la kumwambia, na mimi nililizuia lisizaliwe, na hakuna mtu mwingine awezaye kulitoa. Nimejaribu kwa sindano na kwa kamusi. Ninachopata kila mara ni langu.

Kwa hiyo upande ule utabaki vile vile. Atakayelifungua daftari ajue kwamba hapa alikuwepo mtu, na hakuulizwa.

Jumatano tunaanza ukurasa wa arubaini na mbili. Nimeuchungulia, sijaelewa hata sentensi moja, na kwa sababu hiyo nina hamu nao. Nakuahidi nitausoma wote, na unaofuata, hata penye sisimizi, hata pasipo na utamu, hata gari la Matemwe lipige honi mlangoni.

Lala kwa amani, Mwalimu. Mola akupanulie kaburi lako na akutie nuru ndani yake. Na akitukutanisha, kabla sijakuomba radhi wala kitu kingine, nitakusomea nusu ukurasa ule, mara tatu. Kisha nitanyamaza nikusikie.

Mwanafunzi wako,
Hawa